Bustani Isiyokuwa na Kona

Mzee Sebastian Mbonile hakuzipenda kona. Mtu aliyelelewa bwenini, akaamshwa kwa kengele na kutandika shuka bila kunyanzi, angewezaje kuichorea Tunduma njia zinazoyumba kama mlevi arudiye kwake? Ndiyo maana, alipokabidhiwa uenyekiti wa kamati ya kufufua maeneo ya wazi katikati ya mji, mpango wake wa miaka ishirini ulianza na bustani iliyonyooka kama gwaride: lango moja, njia moja, na mabenchi yanayotazamana, ili raia waonane na waheshimiane.

Siku ya kuwaonesha wananchi, alichora mistari ya chokaa uwanjani na kupanga mabenchi ya kuazima kanisani. Hofu yake ilikuwa moja: wafanyabiashara wa soko wakiikataa bustani, uwanja ungegeuzwa maegesho ya malori yanayongoja kuvuka kwenda Zambia. Na msemaji wao, aliyepaswa kuikagua njia yote kabla ya kutoa neno, alikuwa Gwantwa, mke wa mwanawe.

Hilo mzee alilijua. Alichokisahau, yeye Mndali wa Ileje mwenye kujivunia mila, ni kwamba mkamwana hakutani uso kwa uso na baba mkwe. Kwenye karatasi, wakwe hawaonekani.

Gwantwa alifika langoni, akamwona mzee kule mwisho wa njia, kifua mbele, ramani mkononi. Akajitanda kanga hadi puani, akageuka. Mzee naye akatafuta pa kujificha, asipate. Kichaka na ukuta alikuwa amevikataa mwenyewe kwa ajili ya nidhamu. Akaona heri atoke kwa lango lilelile moja, ila atoke kinyumenyume, asimtazame mkwewe. Gwantwa, kwa adabu ileile, akaona heri aingie kinyumenyume.

Umati ukasogea kutazama. Migongo miwili ya heshima ilikuwa ikisogeleana.

“Baba, simama hapo,” akasema Recho, muuza viazi kutoka kata ya Mpemba. “Mkweo anakuja kisogo mbele.”

Mzee hakuuliza mara mbili. Alijitupa chini ya benchi na kujifunika ramani yote, toka mtaro wa kwanza hadi mti wa mwisho.

Gwantwa akaikagua njia hadi mwisho, akarudi, akasimama akiwa ameipa ramani mgongo.

“Recho, mwambie aliye chini ya karatasi kwamba soko halina ugomvi na bustani. Lakini wenye wakwe wapite wapi?”

Recho akayarudia yote, ingawa kila mtu alikuwa amesikia.

“Mwambie nitaongeza lango,” karatasi ikajibu.

“Malango mawili. Na michongoma. Na njia ipinde.”

Barabarani lori likapiga honi, kama linaloulizia nafasi yake.

“Ipinde wapi?” karatasi ikauliza kwa unyonge.

“Mwambie baba, kila mahali.”

“Mwambie itapinda.”

Watu wakapiga makofi, bustani ikapitishwa. Wanawake wa soko wakatawanyika kuyajaribu mabenchi. Gwantwa akachagua lililokuwa mbele ya lile la mzee, akamwagiza Recho viazi, akaanza kusimulia habari za harusi ya kule Ikinga, ambayo haikuwa fupi. Hakuna aliyethubutu kumwondoa mwananchi katika eneo la wazi. Mzee Mbonile akavuta kona ya ramani ikafunika na viatu, akatulia, akiungoja umma umalize kuifurahia bustani yake.