Kivuli Chenye Fimbo

Omar alikuwa na ugonjwa wa kupiga picha. Nasema ugonjwa, kwa sababu mtu mzima mwenye lori, mke na mtoto hawezi kusimamisha mzigo wa chumvi katikati ya barabara ili apige picha ya kichuguu, kisha aje kuniuliza mimi, mama mwenye duka na wateja, "Mama Wanyoike, hii ni nini?" Kamera yenyewe ilikuwa ya boksi. Aliinunua kwa mzungu aliyekuwa akifungasha kwenda kwao mwaka wa uhuru. Wenye akili walinunua ng'ombe na matrekta kwa wazungu wale, na sisi tuliotoka Nyeri tulichanga tukanunua mashamba. Omar akanunua boksi.

Kila aliporudi safari alipeleka filamu studio, na picha zikiwa tayari tulikusanyika nyumbani kwake nyuma ya msikiti, hapa Eldoret. Palikuwa na mkewe Nasra, palikuwa nami jirani yao, Mzee Ondiek aliyefanya kazi reli, na Jemutai aliyeleta maziwa kutoka kijiji cha Ziwa na kulala kwa dada yake mjini. Omar alizitandaza picha mkekani na kuuliza, "Hiki nini, na ni wapi?" Aliyeshindwa kujibu ndiye aliyechemsha chai. Mimi nilichemsha chai nyingi sana katika nyumba ile, maana nilikuwa sijafika popote ila Nyeri na Eldoret.

Picha zake zilikuwa na kasoro moja. Mwenye studio alimfundisha kulipa jua mgongo, basi kivuli chake kiliingia katika kila picha, kirefu, chembamba, na kofia kichwani. Nasra alipenda kumtania kwamba ameolewa na watu wawili, na yule wa chini ndiye mwenye adabu.

Mwaka wa sitini na saba Omar alikwenda Lodwar na hakurudi. Lori lake lilikutwa limevunjika ekseli kwenye mlima wa Kamatira, milango imefungwa, mzigo haujaguswa, mwenyewe hayupo. Ilikuwa miaka mibaya. Vita vya shifta, waasi wa Kisomali, vilikuwa kaskazini, na Msomali yeyote barabarani, kama Omar, aliulizwa kibali chake kana kwamba ameiba nchi. Nasra alikwenda polisi akaambiwa labda mumewe amewafuata wenzake porini. Ismail, kaka yake Omar, alikuwa na maelezo mengine. Alisema Omar ana mke Moyale, kila mtu anajua, na kwamba Nasra aende kwa kadhi avunje ndoa aolewe tena angali kijana.

Nasra hakwenda. Siku moja nilimuuliza kwa nini, tena kwa ukali, kwa sababu nilichoka kumwona akikonda.

"Kama amekufa, nataka kumlilia," alinijibu. "Kama ameniacha, nataka kumtukana. Mama Wanyoike, siwezi kufanya zote mbili, na hakuna mtu wa kuniambia nianze na gani."

Aliishi hivyo miaka mitano. Akishona, akimpeleka mtoto wao Saida chuo cha Kurani, akipika. Hakuvaa nguo za mjane wala hakujipaka hina.

Mwaka wa sabini na mbili yule mwenye studio alikuwa anafunga kazi ahamie Nairobi. Alipokuwa akipanga vitu vyake alikuta bahasha ambayo haikuchukuliwa, akazitambua picha kwa kile kivuli. Akaja nazo mwenyewe mpaka mlangoni kwa Nasra. Alisema filamu ililetwa zamani na mtu mwenye koti la shamba, ambaye hakuacha jina, aliyesema tu kwamba mwenyewe ana watu wake hapa mjini na watakuja. Yeye alikuwa akiwangoja hao watu waje.

Nasra alituita sisi sote. Tulipoingia, picha zilikuwa zimekwisha kutandazwa mkekani, kama zamani. Mzee Ondiek alivua kofia yake na hakuirudisha kichwani. Alikuwa amestaafu, macho yamepungua, lakini alikuja na miwani ya mkwewe.

"Zimeandikwa namba nyuma," Nasra alisema. "Nataka kujua alikwenda wapi. Kama alielekea Moyale, niambieni. Msinionee huruma."

Ya kwanza ilikuwa Nasra mwenyewe, mlangoni, ameziba uso kwa mkono akicheka.

Ya pili ilionyesha pipa kubwa la chuma limesimama juu ya miguu mirefu. "Tangi la maji, stesheni ya Kitale," alisema Mzee Ondiek mara moja. "Reli inaishia hapo. Nimekunywa hayo maji." Ya tatu ilikuwa lori lenyewe, limeinama upande mmoja kando ya korongo. Hiyo tuliijua bila kuambiwa. Mpaka hapo hatukuwa tumepata jipya, kwa kuwa njia ya Lodwar inapita huko. Jambo lote lilikuwa katika picha zilizofuata, baada ya lori kuvunjika.

Ya nne ilitushinda. Lilikuwa handaki refu la simenti, jembamba, limejaa kitu cheusi kama maji, limeezekwa mabati juu, na ua wa magogo kila upande. Mimi nilisema ni kaburi la tajiri. Mzee Ondiek alisema ni shimo la kukarabatia injini, kisha akajisuta kwamba hakuna reli. Nasra alikuwa akituangalia midomo kama hakimu.

"Si hiyo ni dipu?" alisema Jemutai. "Ya kuogesha ng'ombe dawa, juu ya kupe. Watu wa mji nyinyi. Ng'ombe anaingia hapa, anaogelea, anatokea huku." Aliinua picha akaisogeza dirishani. "Na hiki kilima huku nyuma ni Sergoit. Hiki ninakiona kila asubuhi nikikamua. Mama Saida, hii dipu iko upande wa kwetu. Kutoka Ziwa ni kutembea kidogo."

Ziwa si njia ya Moyale. Mtu anayetoka Kamatira akiwa Ziwa, ameipa Kamatira kisogo, na mbele yake kuna mji mmoja tu, huu wetu.

"Alikuwa anarudi," alisema Nasra. Alisema polepole, kisha akarudia, kana kwamba sisi ndio tuliokuwa tumekataa.

Mimi nilitaka kufurahi pamoja naye, lakini nilikuwa nimekiona kivuli. Kilikuwa chini ya picha ile ya dipu, kirefu kama siku zote, na kofia yake. Ila safari hii kilikuwa kimeinama, kimeegemea fimbo. Omar hakuwahi kutembea na fimbo maishani mwake. Nilimtazama Mzee Ondiek nikaona naye amekiona. Tulinyamaza wote wawili, na sijui tulidhani tunamkinga nani.

"Na hii ya mwisho?" aliuliza Jemutai. Ilikuwa pembeni, imegeuzwa uso chini.

"Hiyo si yetu," alisema Nasra. "Ni kaburi la Wakristo. Labda studio walichanganya."

Ilikuwa kweli kaburi. Tuta la udongo mbichi, msalaba wa mbao za ua, na mahindi machanga kuzunguka. Mwislamu hawezi kukaa akitazama msalaba akitafuta mtu wake. Nasra alikuwa ameiona mara moja akaigeuza, na mimi pia ningeipita, kama si kivuli. Kwa maana kivuli kilikuwapo, lakini kilikuwa kifupi, kinene, chenye gauni na kitambaa cha kichwa. Mtu mwingine ndiye aliyekuwa ameshika boksi la Omar.

"Kuna kitu kimetundikwa hapa kwa mkono wa msalaba," alisema Jemutai, macho yake karibu na karatasi. "Kama kikapu kidogo. Hapana. Ni kofia."

Nasra alinyoosha mkono. Alikuwa ameishona kofia ile mwenyewe, kwa uzi wa rangi mbili, wakati wa mimba ya Saida. Aliiweka picha juu ya goti lake akaifunika kwa kiganja, akakaa hivyo, na ikawa mimi ndiye niliyeanza kulia.

Asubuhi iliyofuata tulipanda lori la maziwa, Nasra, Jemutai na mimi. Dipu tuliipata bila taabu, imekauka, imeota nyasi. Shamba lilikuwa la mzungu zamani, sasa limegawanywa kwa watu wa chama cha kununua mashamba, na nilipokaribia nyumba ya kwanza nilisikia lugha yetu ya nyumbani ikizungumzwa uani. Nilitamani wawe watu wengine wowote.

Walikuwa mzee Nderitu na mkewe Nyakio. Nasra alitoa ile picha ya kaburi. Yule mama aliitazama akakaa chini kwenye gogo.

"Mumekuja," alisema. "Mimi ndio nilipiga hiyo. Sikujua kupiga, nilifinya tu pale nilimwona akifinya."

Alitusimulia. Omar alikuwa ameikwepa barabara kubwa kwa sababu ya vizuizi vya polisi, akapita njia za mashamba akiwa na homa. Alifika kwao jioni, anatetemeka, anaegemea tawi la mti. Alisema nyumbani ni Eldoret, kesho atafika. Usiku homa ikapanda, akaacha Kiswahili, akabaki na lugha yake.

"Alikuwa anasema neno moja tu," alisema Nyakio. "Nasra, Nasra. Tukafikiria ni maneno ya kuomba Mungu, vile wao huomba. Mzee wangu akasema amina kila mara."

Nasra aliinamisha kichwa. "Nasra ni mimi," alisema.

Hapo hasira ilinipanda, na sijutii. Nilimgeukia Nderitu kwa lugha yetu nikamwambia kwamba msikiti wa Eldoret una mnara unaoonekana kutoka mbali, hata kipofu angeelekezwa. Mtu wa watu anazikwa kwenye mahindi, na mnanyamaza miaka mitano?

"Mama, tuliogopa," alinijibu kwa Kiswahili, ili Nasra naye asikie. "Ilikuwa wakati wa shifta. Hati za shamba hatukuwa tumepata. Wangesema tumeficha shifta, wangetutoa hapa, na tulishatolewa mahali pengine mbele ya hapa. Lakini hatukutaka alale kama mbwa. Nikamfanyia ile najua. Nikapeleka filamu studio, nikasema watu wake wataona."

Nilijua kutolewa mahali ni nini, kwa kuwa sisi sote tuliokuja huku tulijua.

Kaburi lilikuwa katikati ya mahindi. Pande zote trekta lilikuwa limelima, mwaka baada ya mwaka, likizunguka kipande kile kidogo kwa ajili ya msalaba. Nderitu aliuliza kama aung'oe. Nasra alisema ndiyo, aung'oe, lakini aweke mawe, trekta lisije likapita. Mzee aling'oa kwa mikono yake mwenyewe, akaenda akaleta mawe kwenye toroli, hakukubali kusaidiwa. Nyakio alileta kofia, imefuliwa na kukunjwa, na boksi la kamera ndani ya gunia. Nasra alimshika mkono. Alimshukuru kwa maji aliyompa Omar. Nisingeweza kusema hivyo, najijua.

Tuliporudi mjini alikwenda moja kwa moja kwa sheikh, kuuliza lini aanze eda. Alitaka zile siku za mjane, akae ndani, avae nguo zake, watu waje wakae naye, kila mtu ajue kwamba Nasra mke wa Omar amefiwa. Alikuwa amezingoja miaka mitano. Nilikuwa dukani nikipima sukari alipoingia, nikajua kwa uso wake kwamba kuna jambo.

"Eda inahesabiwa tangu siku mume amekufa," aliniambia. "Si tangu siku mke amejua. Sheikh anasema yangu iliisha zamani. Ilipita nikiwa naenda sokoni. Anasema niko huru." Alisimama kando ya magunia, mikono imening'inia. "Sina hata siku moja, Mama Wanyoike."

Sijui sheria zao, na sheikh ni mtu mzuri, alisema alichojifunza. Nilimwambia mteja akanunue sukari kwingine. Nikafunga mlango wa duka mchana kweupe, jambo ambalo sikulifanya hata marehemu mume wangu alipougua, nikamketisha Nasra kule nyuma juu ya gunia la maharagwe. Nikamwambia kwa Mungu wangu hakuna anayehesabu, alie tu.

Basi akalia. Wateja walibisha, wakachoka, wakaenda zao. Mimi nikawasha jiko, nikachemsha chai.