Kabla Sauti Haijarudi

Skrubu ya mwisho ilikataa kukaa. Fundi aliinama juu ya kasha la kompyuta lililolazwa ubavu mezani, akaizungusha bisibisi taratibu mpaka akasikia chuma kikishika chuma. Ng'ambo ya meza aliketi baba yake, mikono juu ya magoti, kitambaa cheupe kikipanda na kushuka shingoni. Tangu madaktari walipompasua koo kuuondoa uvimbe, mzee hakupumua tena kwa pua wala kutoa sauti. Hewa ilipita kwenye tundu lililofichwa na kile kitambaa, na kila ilipopita ilitoa mlio mdogo, kama wa mtu anayepuliza chai ya moto.

"Bado kidogo, Baba."

Mzee akagonga meza kwa kidole, mara moja. Ndiyo.

Hivyo ndivyo walivyokuwa wakizungumza juma zima. Pigo moja ndiyo, mawili hapana, kofi kwenye paja njoo. Kuandika hakuweza, kwani mkono wake ulitetemeka na maandishi yalitoka kama kuku kaparura, na herufi za simu zilikuwa ndogo mno kwa vidole vyake vinene. Aliyemsemea ni hii kompyuta. Alidonoa herufi moja moja kwenye kibodi, kisha mashine ikayatamka maneno kwa sauti nzito ya kiume, isiyopanda wala kushuka. Mpaka siku ile umeme ulipokatika ukarudi kwa fujo, chumba kikanuka plastiki iliyoungua, na sauti ikafa katikati ya sentensi. "Chai hii," ilisema, ikanyamaza. Mpaka leo Fundi, binti yake, hakujua chai ile ilikuwa na kasoro gani.

Mtaa mzima ulimwita Fundi, hata watoto. Chumba chake cha mbele kilifungukia barabarani, na humo alitengeneza kompyuta, printa na wakati mwingine pasi za majirani waliodhani kila chenye waya ni kazi yake. Alikuwa mwepesi wa mkono. Mashine ikiletwa asubuhi, jioni mwenyewe anaibeba. Hii ya baba yake ndiyo iliyokaa, kama mgonjwa asiye na ndugu.

Bodi ya ndani, inayobeba vifaa vyote, ilikuwa imeungua, na bodi ya aina ile haikupatikana tena popote. Alitafuta nyingine, ya toleo jipya, na kwa kuwa prosesa ya zamani, ubongo wa mashine, haikuingia kwenye kiti chake, akatafuta na prosesa. Vyote viwili alivipata upesi. Vikakaa rafuni, ndani ya mfuko mweusi, nyuma ya printa mbovu. Kaka yake mkubwa, aliyeishi mbali, alipopiga simu kuuliza, alimjibu kwamba vifaa havijafika.

"Nikimpigia namsikia anapumua tu," kaka alilalamika. "Inanitia huzuni, dada yangu. We huoni huzuni?"

"Naona," alisema.

Hakuona. Hakuona chochote, na si juma hili tu. Ganzi ile ilimwingia siku ya kuuzwa vitu vya marehemu mama yake. Baba yake alikuwa dalali wa mnada, na si dalali wa kubahatisha. Sauti yake ilivuka ukuta wa soko, ikawatoa watu vinyozini na povu usoni. Baada ya mazishi alisimama kwenye kiti uani kwake mwenyewe, akaunadi mzigo mzima wa mkewe: sufuria, kanga, kabati la vioo, na cherehani ambayo binti alikuwa amekwisha kuiomba kwa mdomo wake. Alichekesha watu. Alipiga nyundo. Binti alisimama mlangoni akaitazama cherehani ikitoka getini kichwani mwa mtu asiyemjua, na akashangaa kwamba hakulia. Hawakulizungumza kamwe. Miaka ikapita, koo likaugua, mzee akaletwa kwake na sanduku moja, kwa sababu mke wa kaka alikuwa na wageni, na wageni wale hawakuisha.

Kisha ile sauti ya mashine ikajaza nyumba. Mlango uko wazi. Nani huyo. Umechelewa. Chumvi. Redio iko juu. Redio iko chini. Binti alitii kila neno bila chuki, kama mtu anayefagia. Na sauti ilipokatika, jioni ile ya kwanza, alikaa jikoni akasikia maji yakichemka, na mabega yake yakashuka yenyewe. Hakujua kwamba siku zote yalikuwa yamepanda.

Ndiyo sababu ya mfuko mweusi.

Asubuhi ya leo jirani wa mlango wa pili, mama mcheshi ambaye hakuna habari iliyompita, alichungulia na kikapu chake mkononi.

"Shikamoo Mzee! Jamani, nyumba yenu kimya kama maji mtungini. Mimi nilizoea kuamshwa na Mzee, jogoo wangu nimemchinja bure." Akamgeukia binti. "Au na wewe Fundi umekuwa kinyozi? Kichwa chake mwenyewe kinyozi hajinyoi."

"Vifaa vilichelewa, mama."

"Ah, si vile pale rafuni? Juzi nilipoleta pasi si uliniambia nisiuguse huo mfuko, ni kompyuta ya Mzee?"

Jirani hakuwa na nia mbaya. Aliaga akaenda zake. Fundi aliinua macho, akakuta baba yake anautazama ule mfuko. Aliutazama muda mrefu, kisha akajitazama vidole. Binti akaenda rafuni, akautoa.

Sasa alilisimamisha kasha, akachomeka waya. Feni ya prosesa ikazunguka. Skrini ikapata mwanga, nembo ikatokea, vinukta vikazunguka, kisha buluu tupu. Ikajizima. Ikajiwasha, ikafika palepale, ikaanguka.

Mzee akanyanyua nyusi.

"Diski ni ileile, Baba, ila mwili umebadilika. Inaamka inatafuta bodi yake ya zamani, haioni. Itabidi kupiga windo upya, kuiwekea mfumo mwingine kabisa."

Mapigo mawili. Hapana.

"Vitu vyako havitapotea. Navihamisha kwanza."

Mzee alifikiri. Pigo moja.

Alivihamisha. Alichomeka flashi, akachagua lugha, akafuta sehemu ya zamani. Mashine iliuliza kama ana hakika. Akabonyeza ndiyo bila kuhisi kidole chake. Mstari ukaanza kujaa polepole chini ya skrini, na wote wawili wakautazama kama watu wanaongoja zamu hospitali. Nje mtu alikuwa akisukuma mkokoteni wenye tairi moja linalolia. Mzee akasinzia. Kidevu kilishuka juu ya kitambaa, na pumzi ikabadilika mlio. Alipolala alionekana mdogo, kama nguo iliyofuliwa maji moto.

Mfumo ulipokamilika, picha ya mlima usiojulikana ilitanda skrini nzima. Fundi akairudisha programu ya kusemea. Ikakubali. Akaandika neno la kujaribia, akabonyeza.

Kimya.

Kwenye kona ya skrini, alama ya spika ilikuwa na msalaba mwekundu. Bodi mpya ilihitaji draiva yake ya sauti, programu ya kuiunganisha na spika. Kitu kidogo. Draiva hiyo alikuwa nayo, ndani ya flashi nyingine iliyokuwa mfukoni mwa aproni yake.

Mzee alikuwa amezinduka, akamtazama.

"Mashine imepona," binti alisema. "Sauti ndiyo bado. Labda kesho."

Uongo wenyewe ulimtoka laini, kama ulivyotoka siku zote zile. Baba yake aliinua mkono, akauweka juu ya kibodi, akauacha pale bila kubonyeza kitu. Kucha zake zilikuwa zimekua. Binti alizitazama kucha zile, akatambua kwamba hakuna aliyezikata, na kwamba mzee hakuwa na namna ya kumwomba.

Akatoa flashi mfukoni. Akaichomeka.

Ule msalaba mwekundu ukatoweka. Lakini sauti ya zamani, ile ya kiume iliyotoka kwenye diski waliyopewa hospitalini, mfumo mpya uliikataa katakata. Alijaribu kwa njia hii na ile, ikashindikana. Iliyokuwepo ni moja tu.

"Baba, nikwambie ukweli. Sauti iliyopo ni ya kike."

Mzee alimtumbulia macho. Kisha kitambaa kikaanza kuruka shingoni, haraka haraka, na binti akainuka akidhani amepaliwa. Hakuwa amepaliwa. Alikuwa anacheka.

Akavuta kibodi karibu. Akadonoa. Ilichukua muda, na binti hakuangalia skrini, aliangalia bisibisi zake na kuzipanga, kubwa kwa ndogo.

"Ulichelewesha makusudi," alisema mwanamke ndani ya spika, kwa upole, kama anayetangaza habari za mtu mwingine.

Fundi alishika kitambaa cha kufutia vumbi. Angeweza kusema habari za vifaa. Angeweza kusema kazi za wateja.

"Ndiyo, Baba."

Mzee akaitikia kwa kichwa taratibu. Hakuonekana mwenye hasira. Akadonoa tena, akakosea, akafuta, akaanza upya.

"Hata mimi nilipumzika na ile sauti," alisema yule mwanamke.

Binti akakaa. Hakujua kama kile alichokisikia kifuani kilikuwa kitu au kukosekana kwa kitu. Mteja mmoja alisimama mlangoni na printa kwapani, akawatazama, akasema atarudi baadaye, akaondoka.

Mzee aliinama mbele. Kidole chake kikatafuta kitufe cha sauti kando ya spika, kikakizungusha mpaka spika ikafungwa, na taa ndogo ya kijani ikazimika. Kisha akarudi kwenye kibodi akaendelea kuandika. Safari hii hakusimama. Tak. Tak-tak. Tak. Herufi zilitembea skrini zikafika ukingoni, zikashuka mstari wa pili, wa tatu, na yeye hata hakuinua uso kuona kama kuna anayesoma.

Binti alivuta kigoda chake kidogo kuelekea skrini. Miguu ya kigoda ikakwaruza sakafu, mzee akasimamisha kidole hewani, akangoja, kisha akaendelea.