Jembe la Yona

Katika ukoo wa Regina, jembe halilali kavu. Ukitoka shamba unalifuta udongo, unalipaka mawese mpaka ling'ae, ndipo unalitundika ukutani. Majirani wa mtaa wa Bangwe wamecheka wee mpaka wamechoka, maana mawese ni ya maharage na samaki wa mgebuka, nani aliona wapi chuma kikiungwa? Regina naye alicheka utotoni, akauliza sababu, akachapwa.

Sasa ni mwalimu wa historia shuleni Katubuka, na anaandika riwaya juu ya ile meli kubwa ya Wajerumani waliyoizamisha wenyewe ziwani mwaka 1916 ili adui asiipate. Kabla ya kuizamisha waliipaka mitambo yake mafuta mazito, na Waingereza walipoiibua mwaka 1924 waliikuta mitambo ingali mizima. Hayo yamo vitabuni. Lisilomo ni lile alilokuwa akilisikia nyumbani: kwamba Yona, babu wa mama yake, alikuwa miongoni mwa vibarua waliopaka mafuta hayo. Regina alikuwa amesoma kila alichokipata, na Yona hakumwona hata kivuli. Riwaya ni riwaya, angeweza kumchomeka tu, lakini roho yake ilikataa. Hakutaka kumbebesha marehemu sifa isiyo yake. Hata hivyo, kabla ya kumfuta, akaona aende kwa bibi yake Genoveva, binti wa uzeeni wa Yona, ambaye ndiye pekee aliyebaki wa kuulizwa.

Alimkuta uani anachambua chikichi. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani, Regina alisema bila kuzunguka kwamba anamtoa Yona kitabuni, kwa kuwa hana ushahidi kama aliwahi kuigusa meli hiyo. Alijiandaa kugombezwa. Bibi hakugomba. Aliuliza tu kama hivyo vitabu vinamtaja Recho.

Regina hakuwahi kumsikia Recho yeyote. Ule udadisi uliomponza utotoni ukaamka wote, akavuta kigoda.

Recho, bibi alieleza, alikuwa mtoto wa kwanza wa Yona. Alifariki kwa homa akiwa bado mdogo, meli ikiwa ingali chini ya maji. Yona alichukua mawese yote yaliyokuwamo ndani, akampaka mwanawe kuanzia utosini hadi vidole vya miguu, asiache hata nyuma ya masikio, ndipo akakubali azikwe. Watu walisema ni majonzi, wakamwacha. Miaka ikapita. Meli ilipoibuliwa, mji mzima ulimiminika ufukweni kutazama, Yona akiwamo. Habari zilipoenea kwamba mitambo ni mizima, alijipenyeza kimya kimya akatoka kwenye umati, akaenda nyumbani kuchukua jembe.

"Mama yangu alimkuta kaburini, ameshaanza kuchimba," bibi alisema. "Hakumpigia kelele, mwana wanje, mwanangu. Alimshika mkono tu, akamwambia, Recho si chuma."

Machozi yalimtoka Regina, wala hakujaribu kuyazuia. Baadaye kidogo aliuliza Yona alifanya nini.

"Alifukia. Akarudi nyumbani, akalifuta jembe ule udongo, akalipaka mawese, akalitundika. Kila jioni hivyo hivyo, mpaka anakufa. Sisi tuliiga tu. Sababu yake mama aliniambia mimi peke yangu."

Regina alikuwa amekuja kutafuta mtu aliyemwona Yona melini, na mtu huyo hayupo wala hatapatikana. Lakini baba hampaki mwanawe mafuta, kisha akaja kumfukua, kwa jambo alilosimuliwa tu na watu. Yona lazima aliyapaka yale mafuta ya mitambo kwa mikono yake mwenyewe.

Aliinuka akalishusha jembe la bibi ukutani. Lilikuwa kavu na limeanza kutu, kwani siku hizi mikono ya bibi haifiki juu. Akachovya kitambaa kwenye mawese, akaanza kulipaka taratibu, na bibi akamwambia asibanie mafuta.