Mnyororo wa Maombi

Arlene Kuhlman alikuwa na mwana mmoja tu, Doyle, na mwana huyo alikuwa na mdomo. Hakuwa mtukanaji wala mwongo. Alikuwa mtu wa kusema analofikiri mbele ya yeyote, na katika mji mdogo kama Tarrow, Ohio, ambako hata ukipaka mlango wako rangi mpya watu wanaijadili wiki mbili, mdomo wa namna hiyo humtia mama tumbo joto.

Jumapili moja ya Machi walikuwa mezani kwa Arlene baada ya ibada, yeye, Doyle, na mjukuu wake Josie wa miaka minane. Doyle na mkewe Krista walikuwa wameachana mwaka uliopita. Mtoto alikaa kwa mama yake, na kwa baba alikuja Jumamosi na Jumapili, wiki moja ndiyo, wiki moja hapana. Doyle alikuwa amekwenda mahakamani kuomba nusu ya kila wiki. Shauri lingesikilizwa katikati ya Aprili.

"Baba," Josie alisema, akisukuma maharage mabichi pembeni ya sahani, "mwalimu ametaka tuandike rais anafanya kazi gani."

"Andika anatia saini," Doyle alisema. "Akimaliza miaka yake anaingia wa chama kingine, naye anatia saini ya kufuta saini za yule. Ndiyo kazi yenyewe."

"Doyle," Arlene alisema.

"Nimesema uongo, Mama?"

"Mtoto ana miaka minane."

"Ndiyo umri mzuri wa kuambiwa. Mimi nilikuja kujua nikiwa na ishirini, niko vitani jangwani, buti limeshajaa mchanga. Josie, andika pia kwamba wanaopiga kura ya vita, wote pamoja wana mtoto mmoja tu jeshini, na huyo mmoja anapiga tarumbeta."

Josie alicheka. Arlene hakucheka. Alikuwa anamwona mtoto akienda kwa Krista jioni ile na kusema, Baba kasema hivi, Baba kasema vile.

Doyle alikuwa fundi wa matrekta, na siku ile hakuwa amemaliza. Alihamia kwa mzee Ruppert, ambaye trekta lake lilizimika katikati ya shamba. "Ubovu naujua. Waya mmoja, urefu wa kidole. Lakini kompyuta ya trekta inagoma mpaka mtu wa kampuni aje na kompyuta yake aiambie, haya, waka. Siku nne tumemsubiri. Shamba la mzee, trekta la mzee, ubongo wa kampuni. Na sheria inasema nikiufungua mimi, mwizi ni mimi. Halafu Julai tunarusha fataki kwamba tuko huru."

"Wakili alikwambiaje kuhusu kunyamaza?" Arlene aliuliza.

"Ninyamaze mpaka Aprili."

"Basi?"

"Basi nikinyamaza, jaji atakuwa anampa mtoto mtu mwingine, si mimi," Doyle alisema, na akaomba apewe viazi.

Alhamisi iliyofuata gazeti la wilaya lilitoka, na kwenye ukurasa wa barua za wasomaji kulikuwa na barua ya Doyle. Safari hii hakuandika juu ya matrekta wala vita, kama katika barua zake za nyuma. Aliandika juu ya mahakama. Alisema maskini akisimama mbele ya jaji wa nchi hii ni kama kuku kwenye mnada: anapinduliwa, anatazamwa miguu, na mazungumzo yote yanapita juu ya kichwa chake. Chini aliweka jina lake lote.

Arlene aliisoma amesimama karibu na jiko, birika likapiga mluzi asilisikie. Jaji wa shauri lile aliishi wilaya ileile. Gazeti lilikuwa hilohilo moja. Alishika tama mpaka saa nne, halafu akafanya walichofanya mama yake na bibi yake walipozidiwa. Alimpigia simu Phyllis Baugh.

Phyllis alikuwa mshika mnyororo wa maombi wa kanisa lao. Mwenye shida alimweleza yeye, naye akawapigia wawili, na wale wawili wakapiga kwa wawili wengine, mpaka wanawake kumi na mbili au kumi na watatu wakawa wamepiga magoti majikoni mwao kwa jambo moja. Arlene alikuwa ameombewa hivyo nyonga ilipovunjika na mume wake alipofariki. Na desturi ya pale ilikuwa lazima useme jambo lenyewe. Ombi lisilo na maelezo walilihesabu kama uvivu.

"Dada Phyllis, niombeeni."

"Nini tena, mpenzi? Nyonga?"

"Doyle."

"Kafanyaje?"

"Hajafanya. Ni maneno yake. Umeona gazeti?"

"Nimeliona. Harold wangu kacheka mpaka kahawa ikampalia." Phyllis akashusha sauti. "Sasa niandike nini, hasira au huzuni?"

Arlene alifikiri. Huzuni ilionekana ndogo kwa ukubwa wa hofu yake. "Andika hasira."

"Tangu vita?"

"Labda tangu vita. Sijui. Naogopa, Phyllis. Silali."

"Unaogopa atafanya jambo."

"Naogopa ataharibu kila kitu."

"Zile bunduki za kuwindia za marehemu bado anazo?"

"Zipo kwake, kabatini. Kabati lina ufunguo."

"Basi tuombe na usalama."

"Ombeni na usalama," Arlene alisema, maana nani anakataa kuombewa usalama?

Alipokata simu alijisikia mwepesi. Alipika supu, akaimba kidogo. Saa nane mchana simu yake ikalia mlio wa ujumbe. Ilikuwa baruapepe kutoka kanisani.

"Tumwombee Doyle Kuhlman anayetawaliwa na hasira tangu arudi vitani. Mama yake halali kwa kuogopa atakachofanya. Nyumbani kwake mna bunduki. Tuombe usalama wa mtoto Josie na wa watu wote."

Aliisoma mara tatu. Kila neno alilijua, na bado hakuwahi kusema kitu kama kile maishani mwake. Kisha alitazama chini, kwenye orodha ya waliotumiwa, akashusha kidole, akashusha, orodha ikazidi kushuka.

"Phyllis," alisema kwenye simu, "mnyororo si ulikuwa wa kupigiana?"

"Tuliacha wakati wa baridi, mpenzi. Masikio yangu. Mjukuu wangu alinitengenezea. Nabonyeza mara moja inakwenda kwa kila aliyeandikishwa kanisani."

"Kila aliyeandikishwa ni wangapi?"

"Mia na kumi na wawili."

"Ifute."

"Haifutiki, ikishatoka imetoka. Lakini fikiria, Arlene, watu mia na kumi na wawili wanamwombea kijana wako saa hii."

Jina la arobaini na kitu lilikuwa la Loretta, shangazi yake Krista.

Hapo Arlene angeweza kuchukua gari, akaenda kwenye karakana, akamwambia Doyle aliyekuwa chini ya trekta: mwanangu, nimefanya hivi. Wakili angeonyeshwa ujumbe, barua ingeandikwa, Phyllis angesahihisha. Mzazi unayesoma haya, hofu yako juu ya mtoto wako mpe kwanza mwenyewe. Akikasirika akasirike. Arlene hakumpa. Alijiambia huenda Loretta hasomi barua zake. Alijiambia watu husahau. Kila asubuhi alijiambia kesho.

Watu hawakusahau. Dukani mwanamke aliyemjua kwa sura tu alimminya mkono. Mlangoni kwa Doyle vikaanza kuachwa vyakula vya kuoka, bakuli zikiwa zimeandikwa majina kwa utepe.

"Mama, kuna mtu kafa nisiyemjua?" Doyle aliuliza. "Nina bakuli tano za tambi na jibini."

"Ni Pasaka," Arlene alisema.

"Pasaka gani ya tambi?"

"Watu wanakupenda, Doyle."

"Basi wamebadilika ghafla. Mchungaji naye kanikumbatia kwenye kituo cha mafuta. Nilikuwa nimeshika bomba."

Alicheka, na Arlene akageukia sinki akaosha kikombe kilichokuwa kisafi.

Siku ya shauri Doyle alivaa suti aliyovaa kwenye mazishi ya baba yake. Krista alikaa upande wa pili na wakili wake, mwanamume mwembamba mwenye faili nene. Arlene alikaa nyuma, mkoba mapajani.

Wakili wa Krista alianza na barua za gazeti. Alisoma ile ya matrekta, akasoma ile ya vita, akasoma ile ya kuku kwenye mnada, polepole, akimtazama jaji kila mwisho wa sentensi. Jaji alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Ya kuku niliisoma ilipotoka," jaji alisema. "Nimekulia penye kuku, najua mnada wake. Mtu akiidharau serikali yake katika nchi hii hajakosa kitu, wakili. Una lingine?"

Doyle aligeuka akamtazama mama yake, akainua nyusi, kama mtoto aliyeshinda ubishi. Arlene alianza kushusha pumzi iliyokuwa imekwama kifuani kwa wiki tatu. Hakuwahi kuimaliza.

"Ninalo, Mheshimiwa," wakili alisema, akatoa karatasi moja.

Alisoma ile baruapepe ya kanisani mpaka neno la mwisho. Doyle hakugeuka tena. Arlene aliitwa mbele, akainua mkono wa kulia, akaapa.

"Bi Kuhlman, ulimpigia Bi Baugh siku hiyo?"

"Nilimpigia."

"Ulimwambia unaogopa na hulali?"

"Nilimwambia. Lakini niliogopa mdomo wake utamkosesha mtoto. Mwanangu hajawahi kumwinulia mtu mkono. Hata mbwa hampigi."

"Hilo halimo humu."

"Halimo."

"Ujumbe huu uliupata wewe pia, siku hiyohiyo?"

"Niliupata."

"Ulimwandikia mtu yeyote kati ya hao mia na kumi na wawili kwamba si kweli?"

"Hapana."

"Ulimwambia mwanao?"

Arlene alitazama uso wa Krista, kisha mikono ya Doyle iliyokuwa mezani, kucha zikiwa na weusi wa grisi usiotoka kwa sabuni yoyote. "Hapana," alisema.

"Kwa nini, kama haukuwa kweli?"

Alitafuta jibu. Lililokuwepo ni kwamba aliogopa, na neno hilo tayari lilikuwa mikononi mwa wakili. Karani akaandika kwamba shahidi hakujibu.

Jaji alisoma uamuzi saa sita kasoro dakika chache. Nusu ya wiki ilikataliwa. Jumamosi na Jumapili za zamani zilisimamishwa mpaka Oktoba. Mtoto angemwona baba yake Jumamosi moja kati ya mbili, kuanzia saa sita hadi saa kumi, nyumbani kwa bibi, bibi akiwepo chumbani, naye bibi angejaza fomu kila mara. Bunduki ziondoke nyumbani kwa Doyle. "Barua za gazeti nimeziweka kando," jaji alisema. "Hofu ya mama mzazi siwezi kuiweka kando."

Njiani Doyle aliendesha bila redio. Walipita mashamba yaliyolimwa upya, maghala ya nafaka, bango la mgombea wa mwaka juzi lililochanika katikati. Arlene alingoja aseme kitu juu ya bango lile. Siku zote alikuwa nalo la kusema.

"Ungenipigia mimi, Mama," alisema walipofika kona ya nyumbani.

"Ungefoka."

"Ningefoka dakika kumi. Halafu ningekula hiyo supu yako."

Hakusema zaidi, na bunduki za baba yake alizipeleka kwa mzee Ruppert siku ileile.

Jumamosi ya kwanza ya Mei Josie alifika na begi lenye karata na kitabu cha kupaka rangi. Arlene alikaa kwenye kiti cha pembeni, fomu juu ya goti, kalamu ikiwa imefungwa kwa kamba ili isipotee. Doyle alinyoa ndevu. Alikaa wima kama mtu aliye kwenye benchi la kusubiri daktari.

Walicheza karata. Josie alishinda mara mbili.

"Baba," alisema akichanganya, "mwalimu kasema huenda tukapigana vita tena. Ni kweli?"

Doyle alifungua mdomo. Arlene aliyajua yaliyokuwa kooni mwake, angeweza kuyasema mwenyewe: watoto wa nani wataenda, nani atabaki na tarumbeta, nani atauza silaha. Doyle alimtazama mama yake. Kisha akatazama fomu.

"Sijui, mwanangu," alisema. "Muulize mwalimu."

"Mwalimu hajui. Wewe ulikwenda."

"Gawa karata, Josie."

"Mwambie, Doyle," Arlene alisema. Sauti ilimtoka ndogo. "Mwambie unavyofikiri."

"Saa ngapi, Mama?"

"Saa tisa na robo."

"Tuna dakika arobaini na tano," Doyle alisema, akaokota karata zake, akazipanga kwa rangi, taratibu, kama kazi inayohitaji fundi.

Saa kumi kamili gari la Krista lilipiga honi nje. Josie alimkumbatia baba yake, akamkumbatia bibi, akaondoka. Doyle alitoka baada yake bila kuaga sana. Arlene alibaki na fomu. Swali la tatu liliuliza kama kulitamkwa maneno ya hasira, na la nne liliuliza ni mambo gani yaliyozungumzwa kati ya mzazi na mtoto. Kwenye la tatu aliandika: hakuna. Kwenye la nne kalamu ilisimama muda mrefu. Alijaribu kukumbuka neno moja la Doyle mwenyewe, hata moja la kipuuzi.

Akaandika: hakuna.