Mlango Usiomngoja Mtu

Siku mlango ule ulipofika kutoka Morogoro, umelazwa juu ya gari dogo la kirikuu kama maiti ya tajiri, Bi Siwema ndiye aliyekuwa wa kwanza kuucheka. Vijana wanne waliupandisha ngazini huku wakihema, naye akawafuata nyuma na mwiko wake mkononi.

"Taratibu, wanangu. Mkimwangusha huyo atadai fidia."

Nyumba ilikuwa ya binti yake, Yusrah. Gesti ya ghorofa pale Mikumi, kando ya barabara kuu, chini mgahawa na jiko, juu vyumba vya wageni. Ngazi ilianzia mlangoni pa jiko kabisa. Afande Agatha wa Zimamoto alipokuja kukagua alisimama hapo, akatazama karai la mafuta linavyochemka, kisha akatazama juu.

"Moshi haulipi nauli, dada," akamwambia Yusrah. "Jiko likishika, utakuwa umefika huko juu mgeni hajaiona hata suruali yake. Weka mlango wa kuzuia moto, au gesti naifunga."

Basi mlango ukawekwa kichwani mwa ngazi, kati ya ukumbi wa vyumba na baraza ya juu inayotazama barabara. Fundi Obed, kijana wa adabu zake, alishinda nao kutwa, na alipomaliza aliwaita wote wa nyumbani, akawatambulishia mlango kama mtu anayetambulisha bwana harusi. Ndani una ubao mgumu, moto unachelewa kuutoboa. Ubavuni una utepe mweusi. Ukipata joto unavimba na kuziba upenyo wote, moshi usipite. Juu una mkono wa chuma, ukiuachia unajirudisha wenyewe.

"Msiutie kabari," alisema Obed. "Utepe msiupake rangi. Kila mwezi mfungue, mwachie, muone kama unafika mpaka mwisho na kukaza. Bawaba zikilia, niiteni."

"Na mimi nikilia, nimwite nani?" akauliza Bi Siwema.

Watu wakacheka. Mzee Maganga, mumewe, hakucheka. Alikuwa ameegemea kiegemeo chake cha miguu minne mwisho wa ukumbi, anaupima ule mlango kwa macho.

Mzee huyu alikuja Kilosa kutoka Tabora akiwa kijana, akafanya kazi ya kulinda geti la reli mpaka akastaafu. Kushusha mti, kuinua mti. Watu wa baiskeli walimtukana kwa kuwachelewesha, naye akiwajibu kwamba treni haiombi radhi. Mto Mkondoa ulipofurika na kuibeba nyumba yao, Yusrah aliwachukua wote wawili. Kiharusi kilimkuta mzee hapo hapo ghorofani, kikamchukua upande wa kushoto na nusu ya mdomo. Kuhamia chini haikuwezekana, chini kote ni meza, masufuria na wateja.

Kilichomweka mjini ni safari moja tu. Kila asubuhi alijikokota na kiegemeo chake kutoka kitandani, akapita ukumbi, akatokea barazani. Huko alikaa mpaka jioni, akihesabu malori yanayopanda Iringa na kubishana kwa sauti na madereva wanaokula chini. Hakutaka kushikwa mkono. Ile ndiyo ilikuwa kazi yake, na mtu hashikwi mkono kwenda kazini.

Mlango ulimkatalia siku ya kwanza tu. Aliuvuta kwa mkono wa kulia, ukafunguka kidogo, akashika kiegemeo, ukajifunga. Akauvuta tena. Bi Siwema aliyaona yote hayo kutoka ngazini kupitia kidirisha cha kioo kilichomo mlangoni, akafungua.

"Pita, bwana mkubwa. Leo geti nalinda mimi."

"Rudi jikoni, Siwema," akasema mzee, akageuza kiegemeo na kurudi chumbani.

Kesho yake hakutoka. Keshokutwa pia. Sahani ikarudi chini na chakula chake. Ndipo Bi Siwema alipoanza vita. Aliutia mlango ndala. Yusrah akaitoa ndala. Akautia kiazi mbatata. Yusrah akakirudisha kiazi jikoni. Akautia mchi wa kinu.

"Mama, unataka nifungiwe?"

"Mlango unachoka, mwanangu. Nimeupa mkongojo."

"Mama, mimi sicheki."

"Najua. Humu ndani nacheka peke yangu siku hizi."

Lakini kwa siku hizo chache za mchi mzee alitoka, akala, akamwita dereva mmoja mwizi wa matairi. Kisha afande Agatha akapita bila taarifa. Aliuona mchi, hakupiga kelele. Alichuchumaa, akautoa, mlango ukajifunga taratibu mpaka mwisho.

"Bibi, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Huo mchi umepotea njia tu."

"Bibi, nimeshawahi kutoa watu kwenye ukumbi kama huu. Mlango ulikuwepo, mzuri kabisa. Ulikuwa umewekewa tofali." Akampa ule mchi mkononi. "Nikiukuta tena hapa, nafunga nyumba. Nitafanyaje?"

Bi Siwema akaurudisha mchi kwenye kinu chake. Asubuhi ile ile akapanda gari kwenda Kilosa. Alitaka apate japo kibanda, chumba kimoja kilicho chini, chenye mlango wa bati unaomsikiliza mtu. Ndugu aliowakuta walikuwa wamejazana wenyewe kwa wenyewe. Kwenye kiwanja chao palikuwa na mchanga na matete, na shimo la choo limejaa tope.

"Angalau choo kilitungoja," akasema, hakuna wa kumsikia. Akakaa chini, hapo hapo mchangani.

Aliporudi Mikumi alimkuta Obed ngazini. Yusrah alikuwa amemwita, naye alileta kitu kipya: sumaku. Moja ukutani, mwenzake mgongoni mwa mlango. Zikishikana, mlango unakaa wazi kutwa bila kabari na bila kosa. Kipima moshi cha darini kikinusa moshi, sumaku inaachia, mlango unajifunga.

"Na umeme ukikatika inaachia vilevile," akasema Obed.

"Umeme wetu huu?"

"Ndiyo, bibi. Ni usalama. Moto wenyewe unaweza kuwa ndio uliokata umeme."

"Na kama moto haupo?"

"Utajifunga tu, bibi. Mlango utajuaje?"

Walikubaliana hivi: feni ya ukumbini ikinyamaza, mzee asimame alipo, Bi Siwema apande amfungulie. Mzee Maganga akaitikia kwa kichwa. Mambo ya kusimama na kungoja alikuwa amewafundisha watu maisha yake yote.

Zikaja siku njema. Mzee alitoka asubuhi, akarudi jioni, akaanza hata kunenepa. Umeme ulipokatika alisimama kama askari, akamngoja mkewe, akapita bila kununa. Bi Siwema akaanza kumtania kama walipokuwa wachumba.

Asubuhi moja alipanda kumpelekea chai barazani, akakuta mzee bado yuko ukumbini, anakuja pole pole. Angeweza kumfuata. Lakini aliona jinsi anavyojitahidi, akapenda kumtazama. Akasimama upande wa baraza na kikombe chake, akapaza sauti.

"Haya, bwana harusi! Treni inaondoka hiyo!"

Mzee akacheka. Kicheko cha kweli, cha nusu mdomo, mate yakimtoka. Miguu ya mbele ya kiegemeo ilikuwa imeshavuka kizingiti, yeye yuko katikati, bado anacheka. Feni ikanyamaza.

Mlango haukuja kwa nguvu. Obed alikuwa ameulegeza vizuri, ulikuja kwa upole, kama unavyotakiwa. Mzee akaachia kiegemeo ili auzuie, akanyoosha mkono wa kulia. Na mkono huo ndio uliokuwa umemshikilia.

Kikombe kilipovunjika Bi Siwema alikuwa ameshapiga magoti. Mzee alilala kizingitini, mlango ukimsukuma mguuni, unasukuma tu, hauna hasira, unataka kufika mwisho.

Hospitalini walisema nyonga imevunjika. Kwa umri wake, na kiharusi kile, daktari hakutaka kumpasua. Akaeleza namna ya kumgeuza ili asipate vidonda, akampa Yusrah dawa za maumivu, akamshika Bi Siwema bega. Bega lile ndilo lililomwambia yaliyobaki.

Yusrah alimpigia Obed simu akamtukana mpaka sauti ikamkauka. Obed akaja hata hivyo, akaukagua mlango kuanzia bawaba mpaka utepe, machozi yakimlenga, na hakukuta kasoro. Afande Agatha naye akaja kutoa pole. Bi Siwema alikaa mkekani akimtazama mmoja baada ya mwingine, akitafuta wa kumchukia. Angempata hata mmoja angepumua. Kijana alifanya kazi yake, afande alifanya yake, binti alitoa alichokuwa nacho. Alibaki yeye na kile kicheko, na hicho hakuwa na wa kumkabidhi.

Sasa ni yeye anayeujaribu mlango kila mwezi, maana Yusrah hawezi kuukaribia. Anaminya kitufe, sumaku inaachia, mlango unakuja, unafika mwisho, unakaza. Hakuna mlango mzima kama ule Mikumi yote. Kisha anaufungua tena na kuushikiza ukutani, na ukumbi unabaki wazi kuanzia kitandani kwa mzee mpaka barazani, honi za malori zikiingia.

Jana alimgeuza, akampangusa mdomo, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Baba Yusrah, kuna lori la miwa limezimika pale mbele. Dereva anagombana na utingo wake. Wangekuwepo watu wa kuwasuluhisha!"

Mzee aligeuzia uso ukutani.

"Funga mlango wa chumba," akasema. "Kelele."

Bi Siwema akainuka, akaenda kuufunga. Huo wa chumbani ni wa mbao nyepesi, haujifungi wenyewe. Ilibidi ausukume kwa mkono wake.