Kaimu wa Mifugo

Ukaimu ni cheo cha ajabu: kazi unapewa yote, kiti unaazimwa. Nashilu alianza kukaimu ukuu wa idara ya mifugo mwanawe wa mwisho akiwa bado ananyonya, na sasa mtoto huyo yuko darasa la tatu. Kila alipouliza aliambiwa avute subira, uteuzi uko njiani. Akaivuta subira mpaka ikataka kukatika.

Simu ilimkuta Karatu, kwenye mgahawa wa Kauthar, akinywa chai kabla ya kupanda kwenda Endulen kwenye mkutano wa chanjo. Afisa utumishi wa halmashauri alizungumza kwa upole uliopita kiasi. Mkuu wa idara amepatikana. Ni Supeet. Madiwani wamemsifu sana kwamba ndiye anayesikilizwa na wafugaji.

"Sawa," alisema Nashilu, akamalizia chai. Haikuwa na ladha yoyote. Kauthar alimtazama usoni, akamuuliza kama kuna msiba.

"Hamna, shoga yangu. Mambo ya ofisi tu."

Supeet alikuwa nje, kwenye usukani, akimsubiri. Alikuwa msaidizi wake, na kusema kweli, alikuwa mdomo wake. Bosi aliyemwachia Nashilu ofisi alimuusia hivi: wazee wa kule hawasikii sauti ya mwanamke, tafuta mwanamume wa kukusemea. Nashilu akalishika neno hilo kama amri. Kila mkutano alikaa nyuma na kunong'ona, naye Supeet akasimama na fimbo mkononi, kama asimamavyo msemaji, akayatoa maneno. Ng'ombe walichanjwa, kazi ikaenda. Sifa nazo zikamwendea mwenye fimbo. Asante ya punda ni mateke.

"Dada, mimi sikuitafuta hii kazi," alisema Supeet walipokuwa wakipanda kwenye ukungu wa kreta.

"Najua."

Alijua kweli. Aliitafuta hasira yake njia nzima, akaikosa. Mwili wote ulikuwa umekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu.

Endulen watu walikuwa wengi. Supeet alisalimia, akaeleza kuhusu homa ya mapafu ya ng'ombe na siku ya chanjo. Mzee Tajewo, ambaye boma lake lilikuwa limeguswa na ugonjwa, akauliza: ng'ombe aliyekwisha kuanza kukohoa naye achanjwe?

Supeet aligeuka nyuma, akainama kutega sikio, kama kawaida yao. Nashilu hakunong'ona. Hakuwa amekusudia ujeuri. Hakuona tu tena sababu ya kunong'ona. Alisimama, akajibu kwa Kimaasai, kwa sauti. Anayekohoa hachanjwi. Chanjo humkinga mzima, haimponyi mgonjwa. Mtengeni na wenzake, asinywe nao maji.

Akasubiri wagune. Hakuna aliyeguna. Tajewo aliuliza swali jingine, akimtazama yeye. Akafuata mwingine, kisha akina mama. Supeet alibaki amesimama kidogo, halafu akatafuta pa kukaa.

Mkutano ulipovunjika, Tajewo alimfuata Nashilu garini.

"Mwanangu, kumbe serikali sasa imekuruhusu kusema?"

"Serikali, baba?"

"Siku zote tulikuwa tunaulizana, huyu mtoto wetu, msomi, mbona ananong'ona tu? Tukaona labda ndiyo desturi ya huko maofisini, mwanamke hasemi mbele za watu. Tukanyamaza, tusije tukakuponza kazini."

Nashilu alishika mlango wa gari. Ganzi ikaanza kuachia, na ilipoachia, iliuma.