Kiti cha Kengele

Jumamosi saa tisa alasiri, fundi cherehani alifungua chumba cha nyuma ya kanisa, akapanga viti kumi na viwili, akaanza kuita majina. Kila msichana aliitika, "Nipo." Alipofika kwa Kengele, aliyeitwa hivyo kwa kuwa hata akinong'ona alisikika barabarani, kiti cha dirishani kiliitika, "Nipo." Hapakuwa na mtu juu yake. Kengele alikuwa ameozwa Jumamosi iliyotangulia, ana miaka kumi na sita. Fundi akatia alama ya vema.

"Nani kaniwekea mkoba hapa?" kiti kiliuliza.

"Samahani, dada," alisema mdogo kuliko wote, akauondoa.

Kwa miaka sita fundi, waliyemwita Mama Mlezi, alikuwa amewalea wasichana wa kanisa: kuomba kwa sauti, kuongoza kikao, kusimama mbele za watu bila kutazama vidole vya miguu. Kengele ndiye aliyekuwa mwenyekiti wao, na sauti yake haikuona sababu ya kujiuzulu. Ilifungua vikao, ikawanyamazisha wapiga soga, ikasahihisha aya zilizokaririwa nusunusu. Mchungaji alipita siku moja, akasikiliza mpaka mwisho, akashauri tu kwamba sala zifupishwe. Baba yake Kengele, mzee wa kanisa aliyetunza funguo, aliisikia akiwa mlangoni.

"Huyu hata umuoze, hanyamazi," alisema, akaenda zake.

Sauti haikumsumbua fundi. Kilichomnyima usingizi ni daftari la maombi. Wasichana waliandika humo haja zao, naye aliziombea wiki nzima. Miezi miwili nyuma Kengele alikuwa ameandika: Naomba Mama Mlezi aseme na baba, nimalize shule. Fundi aliliombea ombi hilo kwa machozi, akafunga siku tatu. Nyumba ya mzee ilikuwa hatua arobaini kutoka kwenye cherehani yake. Ombi lile lilikuwa na jina lake yeye, naye akalipeleka kwa Mungu. Jibu lilipokuja, lilikuwa kitambaa cheupe na vipimo vya gauni. Akashona.

Alimkumbuka mtoto yule mpaka akawa anakosa tundu la sindano. Jumatano moja akafunga kazi mapema, akaenda kumwona. Kengele alikuwa uani anafua. Alifungua mdomo kumsalimu, hakikutoka kitu. Akafuta mikono, akamwekea kigoda, akamshika mkono muda mrefu. Mumewe alitoka ndani kumshukuru mgeni.

"Mama, mmenilelea mke mtulivu. Hana neno kabisa."

Fundi alikuwa amejiandaa njia nzima kusema habari ya shule. Aliyafundisha mwenyewe: pumua, mtazame mtu machoni, sema. Akapumua. Akamtazama.

"Tumshukuru Mungu," alisema, akaaga.

Jumamosi iliyofuata alipanga viti vyake kumi na viwili. Majina yaliitwa, yakaitikiwa. Alipofika dirishani aliweka kalamu chini, kwa maana siku hiyo hakutaka mahudhurio, alimtaka mtoto.

"Mwanangu, u hali gani?"

Wasichana wakasubiri, kama walivyofundishwa kumsubiri mtu anayetafuta maneno.

"Nipo tu, mama."

Fundi akaokota kalamu, akatia alama ya vema, akaita jina lililofuata.